Pilipili za Bibi na Kifurushi cha Mama

Kila asubuhi melini, binti yangu Malar aliamka kabla yetu sote. Alioga, akasuka nywele, akavaa blauzi ya hariri yenye nakshi, na chini akabaki na sketi yake ya ndani iliyofifia rangi. Watu wa kwenye kompyuta humwona mpaka kifuani tu, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini ni siri ya familia. Kisha aliketi mbele ya kioo, akafungua kompyuta na kuanza kazi, sisi tukiwa bado tunakoroma.

Sisi, yaani mimi na mjukuu wangu Kayal, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake ni dereva wa treni na hakupata ruhusa ya kuja. Tulikuwa watatu katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya nne. Meli ilikuwa imetoka Chennai kwenda Sri Lanka, siku tano kwenda na kurudi. Aliyetualika ni mwanangu wa kiume, Senthil. Yeye, mkewe na binti yao Nila walikuwa ghorofa ya tisa, katika chumba chenye roshani. Sisemi kitu. Nataja tu kwamba kilikuwa na roshani.

Kazi ya Malar ni kuchora mapindo ya sari kwa ajili ya ushirika wa wafumaji wa kwetu Kanchipuram. Hakuwa amepata likizo. Siku ya tatu ya safari, saa kumi jioni, wanunuzi wa Singapore walitaka kuiona michoro mipya kwa simu ya video. Wakiipenda, vitanda ishirini na viwili vya kufumia vingekuwa na kazi mpaka sikukuu ya Deepavali. Wasipoipenda, wafumaji wangekunja nyuzi zao na kwenda kutafuta vibarua katika kiwanda cha pikipiki. Ndiyo maana Malar alinunua kifurushi cha intaneti ya meli. Kifurushi chenyewe kilikuwa na sharti: kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kifaa cha pili kikiingia, cha kwanza kinatupwa nje.

Neno la siri aliliandika kwenye karatasi, akaiweka chini ya kopo la murukku, vitafunwa vyetu vya kukaanga.

"Usiguse, Kayal," alisema.

"Nisiguse kopo au karatasi?"

"Karatasi. Kopo lina bibi yako wa kulilinda."

Siku ya kwanza Kayal alivumilia. Siku ya pili wivu ukaanza kumtafuna.

Nila, aliyemzidi Kayal mwaka mmoja, alikuwa na simu yake na kifurushi chake mwenyewe. Wanasoma shule moja, darasa moja. Asubuhi hiyo, wakiwa wameketi ukingoni mwa bwawa la kuogelea, Nila alimsogezea simu usoni.

"Ona! Watu sitini na mmoja wameipenda picha yangu na kapteni."

"Hata mimi nilikuwepo kwenye picha hiyo," Kayal alisema.

"Ulikuwepo, lakini nimekukata. Ulikuwa umefumba macho. Mkono wako umebaki, angalia hapo pembeni."

Kayal akautazama mkono wake, umening'inia peke yake kama shati kwenye kamba.

"Si urushe picha zako mwenyewe?" Nila akaendelea. "Au mama yako hataki? Maana wenzetu darasani wanauliza kama kweli umekuja, au umejificha kwenu nyuma ya pazia."

Kayal alishuka ghorofa tano kwa ngazi bila kungoja lifti, akaingia chumbani akihema.

"Mama, twende tukaogelee."

"Dakika tano, mwanangu."

"Umekuwa ukisema hivyo tangu asubuhi."

"Zile zimeisha. Hizi ni nyingine."

Dakika tano za Malar zina urefu wa treni ya mizigo. Kayal akasimama akiikazia macho kompyuta kana kwamba ni mdogo wake aliyeletwa jana kutoka hospitali. Na kusema kweli walifanana: inabebwa kifuani, inafutwa uso kwa kitambaa laini, na ikilia kidogo tu, mama anaikimbilia.

"Ningekuwa na mfuniko, labda na mimi ungenifungua," akanung'unika. Mama yake hakusikia. Alikuwa anahesabu manyoya ya tausi kwenye mchoro wake.

Jioni, Malar alipokuwa bafuni, niliona mkono wa Kayal ukipenya chini ya kopo la murukku. Nikamwambia, "Chukua mbili, moja yangu." Kumbe, kama nilivyokuja kujua baadaye, mwizi hakuja kwa ajili ya murukku. Alikuwa na simu ya zamani ya mama yake, na alipoliandika neno la siri, ujumbe ukatokea: *Kifaa kingine kinatumia kifurushi hiki. Ukiendelea, kitatolewa. Unataka kuendelea?*

Kompyuta ilikuwa imekaa bure mezani. Kayal akabonyeza ndiyo. Akatuma picha nne kwenye kundi la darasa lake, na majibu yakaja moja baada ya jingine, matamu kama sukari guru. Akarudisha karatasi mahali pake. Malar alipotoka bafuni na kukuta mtandao umekatika, alisema, "Bahari hii," akaingia upya.

Siku ya tatu ikafika. Kwa heshima ya Singapore, Malar alivaa sari nzima, juu mpaka chini. Alikwenda chumba cha kusomea, ghorofa ya saba, ambako mtandao ulikuwa na nguvu zaidi. Mimi nilichukuliwa niwe kabati: kazi yangu ilikuwa kushika sari ya mfano, iliyofumwa na mzee Ekambaram kwa majuma sita. Mke wa Senthil alipita, akasimama mlangoni.

"Wifi yangu, umependeza! Na mtandao wako una kasi kuliko wetu!"

Mimi nikaiweka sauti ile akibani.

Saa kumi kamili Bi Devaki, mkuu wa wanunuzi, akatokea kwenye kioo cha kompyuta, miwani imening'inia kwa mnyororo. Alianza vizuri sana.

"Hilo pindo la tausi, Malar, hebu lisogeze karib—"

Akaganda, mdomo wazi. Malar akaingia upya, akibonyeza ndiyo bila kusoma kitu, akaomba radhi, akaanza tena. Bi Devaki akaganda mara ya pili, akiwa anajikuna sikio. Mara ya tatu sura yake haikuwahi kutokea, tulisikia sauti tu kabla ya kukatika.

"Binti, wenzangu wana ndege leo. Nitapiga saa kumi na mbili. Ikikatika tena, tutachukua sari za Banaras. Wafumaji wenzenu wa huko wako nchi kavu."

Malar alipoingia tena, ukamkuta ujumbe wa mzee Ekambaram: "Mwanangu, tumekaa ukumbini tangu saa nane. Wamesemaje?"

Malar aliifunga kompyuta. Tukashuka chumbani. Kayal alikuwa kitandani, ameulalia mto kwa nguvu, maana chini yake kulikuwa na simu. Mama yake akaketi, akafunika uso kwa pindo la sari, mabega yakawa yanatikisika.

"Hii si bahari," nikasema. "Hili ni jicho la husuda. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenye jicho akisifia mtandao."

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa chumvi na pilipili kavu, ambazo kwetu huzungushwa kichwani kisha huchomwa ili kuondoa jicho. Mimi sisafiri bila pilipili.

"Mama, melini hawaruhusu moto," Malar alisema kutoka ndani ya sari.

"Nani kataja moto? Nazungusha tu. Kuchoma tutachoma nyumbani."

Nikafumba ngumi, nikaanza kuizungusha juu ya kichwa cha Malar na kompyuta yake pamoja. "Jicho la jirani, lipasuke! Jicho la mpita njia, lipasuke! Jicho la mkwe wangu wa ghorofa ya tisa, chumba chenye roshani, lipasuke!"

"Mama!"

"Natoa anwani, lisije likapotea njia. Jicho la humu ndani, jicho la damu yetu, li—"

"Bibi, acha! Usilipasue!"

Tuligeuka. Kayal alikuwa ameketi, ameyafunika macho yake yote mawili kwa viganja.

"Ni langu," akasema, akaanza kulia.

Simu ikatoka chini ya mto, na maneno yakafuata. Nila alikuwa amesema kwamba saa kumi angerusha video yake akipiga mbizi. Kayal alitaka ya kwake itangulie. Kila alipotupwa nje, alibonyeza ndiyo akarudi.

"Ulijua kwamba unanitoa mimi?" Malar aliuliza polepole.

"Mara ya kwanza sikufikiri. Ya pili nilijua." Akaisogeza simu mbele ya mama yake. "Ya tatu sikuwa na video tena, Mama. Nilitaka tu kompyuta itupwe nje. Unaitazama kutwa nzima. Na Nila amenikata kwenye picha, amebakiza mkono."

Pilipili zikawa zinanichoma kiganja, lakini sikuthubutu kukifungua. Malar alimtazama bintiye. Kisha akafuta uso.

"Bibi atashika simu. Wewe nawa uso, tunakwenda wote."

Nikaizima simu, na tulipofika chumba cha kusomea nikaikalia.

Saa kumi na mbili Bi Devaki alitokea tena. Pembeni, katika dirisha dogo la kompyuta, alikuwepo mzee Ekambaram ukumbini Kanchipuram, na nyuma yake vichwa vya wafumaji vimebanana kama korosho za gunia moja. Malar akamsogeza Kayal mbele.

"Haikuwa bahari," Kayal alisema kwa sauti nyembamba. "Ni mimi. Kwa wivu nilichukua neno la siri bila ruhusa, nikamtoa Mama mara tatu. Naomba msamaha. Tausi ni wazuri sana, mama hana kosa."

Bi Devaki akavua miwani. Alivyokuwa akiifuta nilizeeka miaka miwili, na sina ya kupoteza.

"Mwanangu mimi alinifungia chooni siku ya mkutano," akasema hatimaye. "Haya, lete tausi. Nina robo saa."

Walichukua tausi. Walichukua na pindo la maua. Mchoro wa tatu, wa tembo, haukuonekana kabisa, kwa sababu ile robo saa iliisha. "Huo tutauangalia siku nyingine, kama nafasi itakuwepo," Bi Devaki alisema, akaondoka. Vitanda kumi na sita vilikuwa vimepata kazi. Sita bado. Kayal alizihesabu sura zile ukumbini, akainamisha kichwa.

"Usikimbie, mjukuu wangu," mzee Ekambaram alimwita. "Sari hii tunaifuma watu wangapi?"

"Wewe, babu."

"Wawili. Mimi nafuma mwili, mwenzangu ameketi pembeni anafuma pindo. Nikirusha uzi, yeye anasubiri. Akirusha yeye, nasubiri mimi. Na nakwambia ukweli, namwonea wivu miaka thelathini sasa, maana sifa zote huenda kwenye pindo!"

Wafumaji nyuma yake wakacheka, mmoja kuliko wote. Nadhani ndiye mwenye pindo.

"Lakini siku nitakayorusha katika zamu yake, nguo itachanika, asipate yeye wala mimi. Kuona wivu si ajabu, Kayal, hakuna asiyewahi. Useme. Ukiusema, mwenzako atakupa zamu. Ukiuficha, utaanza kukata nyuzi za watu, hata wa mbali usiowajua."

"Na mimi nimerusha zamu nyingi mfululizo," Malar akasema taratibu, mkono wake ukiwa kichwani kwa bintiye. "Kuanzia kesho, saa nne mpaka saa sita kompyuta inalala. Sisi tutakuwa bwawani."

Na kweli, kesho yake ililala. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Nila alikuwa amebisha hodi chumbani kwetu, amekumbatia mto wake. Alitaka kulala kwetu. Kule juu, alisema, kuna roshani lakini hakuna wa kupiga naye porojo. Kayal alimpisha upande wa ukuta, baada ya kudai mkono wake uondolewe kwenye picha au yeye arudishwe mzima. Alirudishwa mzima, macho yakiwa yamefumbwa. Mkwe wangu sikumwomba radhi, kwa kuwa hakusikia nilivyompasua jicho, lakini nilimpelekea murukku tano.

Tulipofika nyumbani, nilitupa zile pilipili jikoni juu ya makaa. Kwetu, pilipili zikiungua bila kumkohoza mtu, ujue husuda bado imo. Tulikohoa mpaka kuku wakakimbia uani. Katikati ya kikohozi simu ya Malar ikalia: Bi Devaki, anaulizia mchoro wa tembo. Malar alijaribu kusema, akashindwa, machozi yakimtoka. Akampa Kayal simu.

"Malar? Mbona sikusikii? Mtandao tena?"

"Shikamoo, si mtandao," Kayal akajibu huku akikohoa kuliko sote. "Ni pilipili za Bibi. Subiri kidogo tu, usikate. Namletea Mama maji."