Joto Lilikopelekwa

Kilichoanza ni harufu. Alasiri moja, wiki tatu baada ya mazishi ya baba mkwe wake, Linet alikiwasha kiyoyozi cha chumbani, akaketi mbele yake na kompyuta mapajani kama zamani, na baridi ilipomfikia usoni ikaja na harufu ya ugoro. Haikuwa harufu ya kiwanda cha mikate kilicho chini ya jengo, hiyo aliizoea. Ilikuwa ugoro. Marehemu Mzee Nyamongo alikuwa Msabato kwa miaka arobaini, na kwa kuwa kanisa halikupenda ugoro, aliuficha ndani ya soksi na kujiona mjanja, ilhali nyumba nzima ilijua.

Linet alikizima. Alijiambia kwamba harufu hushika kwenye kuta. Hata yeye mwenyewe hakujisadiki.

Sasa, mtu atauliza, ni nani anayenunua kiyoyozi Kisii, mji wa mvua na masweta? Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini wao hawakulala katika chumba kile. Kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati, na dohani la tanuri la mikate lilipanda likigusa ukuta wa kitanda. Ikifika saa nane mchana, ukiweka siagi mezani unaikuta mafuta. Humo ndimo Linet alimoandikia ripoti za kampuni ya bima, na humo ndimo binti yake Valentine, mwenye miaka minne, alimolala mchana.

Siku ya kukinunua, Linet alihudumiwa dukani na Jethro, kijana mwenye maneno.

"Hii ya kwanza ni ya maji," alisema Jethro. "Ni feni imelowa tu, madam. Na hewa ya hapa kwetu tayari iko na maji. Utaota uyoga kitandani. Hii iko na bomba mbili, inataka dirisha kubwa. Na hii ya bomba moja imetumika hoteli moja Mombasa. Iko na nguvu, lakini pia inataka mahali pa kutolea."

"Kutolea nini?"

"Joto! AC haiui joto, madam. Inalitoa hapa, inalipeleka pale. Kwa hivyo kabla uchague mashine, chagua pale ni wapi."

Linet alichagua ile ya Mombasa kwa sababu haikuwa na kelele. Kuhusu pale, dirisha la chumba lilikuwa na vyuma na kioo kisichofunguka, na mwenye nyumba alikataa kisiguswe. Fundi Mogire akapitisha bomba kwenye tundu la hewa juu ya ukuta, likatokea stoo. "Stoo haina mtu," Linet alimwambia. Na siku ile ni kweli haikuwa na mtu. Baadaye alilishikilia neno hilo sana: siku ile haikuwa na mtu.

Mwezi Januari mzee akaletwa kutoka Ekerenyo kwa kliniki ya moyo. Haron, mumewe Linet, alimtandikia sebuleni. Mzee akakataa katakata, kwa maana mlango wa chumba cha kulala ulitazamana na sebule. Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile miiko ya kuoneana haya: baba hafiki anapolala mwanawe na mke wake, hapatazami, wala hapaulizii. Kulala chini ya paa moja nao tu kulikuwa kumemshinda, ila mjini mtu atafanyaje? Akachagua stoo, iliyokuwa karibu na mlango wa nje. Godoro likawekwa chini ya bomba. Na kwa kuwa hangeweza kuvua shati mkaza mwana akipita, aliufunga mlango.

Kila asubuhi Linet alimpelekea chai, akimwita Tata, yaani baba. "Tata, umelalaje?"

"Mbuya mono," alijibu mzee. Vizuri sana. Ukosi wa shati lake ulikuwa umelowa.

Haron alisema bomba litahamishwa. Jumamosi ikawa Sabato, Jumapili ikawa mvua, na wiki ikaingia juu ya wiki. Alhamisi moja ya Februari, saa tisa mchana, kiyoyozi kikinguruma polepole na Linet akiandika ripoti zake upande huu wa ukuta, mzee alifia upande ule. Daktari alisema ni moyo. Wote waliitikia kwamba ni moyo. Hakuna aliyelitaja bomba.

Siku ya pili baada ya ile harufu, Linet aliingia stoo kuchukua viazi. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, hata waya ulikuwa umechomolewa. Hata hivyo, mdomo wa bomba ulikuwa ukipumua. Pumzi ya moto ilitoka, ikakatika, ikatoka tena, taratibu, kama ya mtu mzima aliyelala chali. Linet aliviacha viazi.

Siku ya tatu Valentine akaanza kuchemka. Asubuhi alikuwa mzima akikimbiza paka wa jirani. Saa nane alipolala, mwili ukawa moto usioshikika, jasho likapenya mpaka kwenye godoro, na saa kumi na mbili jioni akapoa. Kesho yake vivyo hivyo. Hospitalini walimpima malaria, wakampima damu na mkojo, hawakuona kitu. Mtoto mwenyewe hakulalamika. Aliukaza mdomo tu, akamtazama mama yake.

"Ni hiyo mashine," Haron alinong'ona jikoni. "Imetoka pwani. Watu wa huko wana majini yao."

Linet akalipokea neno hilo kwa mikono miwili, na akaona aibu kwa jinsi lilivyomfariji.

Akaitwa Mzee Ogeto wa kanisa. Alisimama chumbani, koti limefungwa vifungo vyote, akasema, "Aliyekufa amelala, hajui lolote. Huyu anayejifanya Nyamongo ni jini tu, limevaa harufu yake." Linet aliinamisha kichwa. Kama wafu hawajui lolote, basi hakuna aliyejua. Ogeto akaomba mpaka sauti ikamkauka, akalikemea jini la Mombasa kwa jina la Bwana, kisha Haron na Mogire wakakibeba kiyoyozi kurudi kwa Jethro, bomba na kila kitu. Tundu likazibwa kwa blanketi. Usiku ule Linet alilala.

Kesho yake, saa nane kamili, alikuwa amemlaza mtoto na kuketi kando yake, chumba kikiwa na joto lake la kawaida, na mahali pa kiyoyozi pakiwa na mraba mweupe tu sakafuni, ndipo ile ngurumo ya chinichini ikaanza, si kwa nguvu, bali kama ilivyokuwa ikianza kila siku, na baridi isiyotoka popote ikamgusa kifundo cha mguu, ikapanda goti, ikamfika shingoni, baridi tamu ile ile aliyoinunua, na wakati huo huo mkono wa Valentine aliokuwa ameushika ukaanza kupata moto, kadiri mama alivyopoa ndivyo mtoto alivyochemka, na alipojaribu kuuachia akaona jasho likimtiririka mtoto kwenye ukosi wa gauni, na ng'ambo ya ukuta, ndani ya stoo iliyofungwa, mtu akakohoa, akatulia, kisha kwa sauti ya adabu, sauti ya mgeni asiyetaka kusumbua, akasema, "Mbuya mono."

Linet alipiga kelele mpaka mwoka mikate akapanda juu.

Jumapili akafika Shangazi Persis kutoka Ekerenyo, dada wa marehemu, mwanamke mfupi asiyeketi mpaka ajue anaketi wapi. Hakuleta dawa wala mafuta. Aliomba aonyeshwe alikolala kaka yake. Aliingia stoo, akaufunga mlango, na alipotoka uso ulikuwa umelowa jasho.

"Lile tundu linatoka wapi?" aliuliza.

Haron akamtazama Linet. Linet akaitazama sakafu.

"Chumbani kwenu," Shangazi alijijibu. "Basi hangeuliza. Mngempika humo na asingeuliza."

Ilikuwa saa nane. Valentine alilala kitandani, midomo imekauka, na safari hii moto haukupanda pole pole. Ulimjia wote mara moja, macho yakaanza kupinduka. Shangazi akampigia magoti.

"Mjukuu wangu, babu anataka nini?"

Mtoto akamtazama mama yake. "Mama alikataza nisiseme."

Haron alisema, "Alikataza nini?" Linet alijua kwamba angeweza hata sasa kusema hajui. Mtoto ana homa, homa huropoka. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akauona ule ukosi uliolowa.

"Alituma," akasema. "Tata alituma. Hakuweza kuniambia mimi, wala wewe, ila mjukuu hana miiko kwa babu. Alimtuma Valentine. Ilikuwa Jumatatu, mtoto akaja akanisimamia hapa, akasema, 'Mama, babu anasema kule kuna joto.' Nilikuwa na kazi. Chumba kilikuwa kimepoa vizuri." Akajifuta uso. "Nikamwambia aache maneno ya wazee, asirudie tena kwa mtu yeyote. Na Alhamisi mzee akafa. Si moyo, Haron. Ni mimi."

Alingoja apigwe, au afukuzwe. Haron alikuwa ameegemea kabati. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekosa.

"Alimtuma kwangu kwanza. Jumapili. Nilimwambia Valentine, kamwambie mama yako."

Shangazi Persis alifumba macho. Kitandani mtoto alivuta pumzi ndefu.

"Babu anauliza kama sasa anaweza kutoka," akasema.

"Mlimweka wenyewe," alisema Shangazi bila kufumbua macho. "Nendeni mkamfungulie."

Haron hakuweza kusogea. Linet alikwenda peke yake. Kitasa cha stoo kilimchoma kiganja, lakini hakukiachia mpaka mlango ukafunguka. Joto likatoka kama la tanuri, na ndani ya joto hilo akatoka mzee, shati limefungwa mpaka kidevuni, ukosi umelowa, soksi moja imevimba. Ujia ulikuwa mwembamba. Alipomfikia Linet, aligeuza uso wake ukutani, akapita ubavu kwa ubavu, na akaenda zake kwa ngazi.

Nyuma, Shangazi alikuwa akiita kwamba mtoto amepoa, aletewe shuka. Haron alikuwa akilia.

Linet alibaki ujiani. Baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe usoni. Ndivyo chinsoni inavyotaka, na mzee aliishika chinsoni mpaka ikamuua. Labda ilikuwa heshima ile ile. Labda hakutaka tu kumwona. Angetoa chochote mzee ageuke, hata kwa hasira, hata amlaani, lakini hatua zilikuwa zimeshafika chini kwenye kiwanda cha mikate, na hazikusimama.