Chai ya Mginko

Fundi cherehani alikuwa msahaulifu kupindukia. Jumatatu moja alimshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto.

"Mume wangu, ipo siku utasahau hata jina lako," mkewe alisema.

Nje ya duka lao palikuwa na mginko, mti mrefu wenye majani ya umbo la upepeo. Fundi alisikia kwamba majani hayo hurudisha kumbukumbu. Akaanza kuyachemsha na kunywa kila asubuhi. Yeye hakumweleza daktari wake.

Siku moja jirani yao, mfamasia, alikuja kujaribu gauni lake la harusi. Fundi alipiga magoti apime pindo. Ghafla damu ikamtoka puani. Tone likaangukia kitambaa cheupe.

"Gauni langu!" mfamasia alipiga kelele.

"Mume wangu! Inua kichwa!" mkewe naye alipiga kelele.

"Hapana, usiinue," mfamasia alisema. "Inama mbele. Bana pua hapa palipo laini. Pumua kwa mdomo."

Damu ilipokatika, akamuuliza, "Siku hizi unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya moyo, vile vya kuzuia damu isigande. Na chai ya mginko."

"Mungu wangu! Nani kakwambia unywe mti?"

"Si ni mti wa kale?"

"Ni wa kale kweli. Jamaa zake walikuwepo enzi za dinosaria, kabla ya binadamu."

"Basi mti huo una akili nyingi!"

"Una umri mkubwa tu, shemeji. Majani yake yakikutana na vidonge vyako, unaweza kuvuja damu vibaya. Yana sumu ambayo viwanda vya dawa huipunguza kwanza. Mbegu zake mbichi ni sumu pia. Na watafiti hawajathibitisha kwamba yanaponya usahaulifu."

"Kumbe nimekunywa bure!"

"Afadhali ingekuwa bure. Twende kliniki sasa hivi."

Daktari alimpima. Akamwambia aache chai ile, ila vidonge aendelee navyo. Tena asinywe dawa yoyote ya miti kabla ya kuuliza. Nyumbani, mkewe aliloweka gauni katika maji baridi na sabuni. Doa likatoka lote.

Pua haikuvuja tena. Siku ya harusi fundi aliwahi, kavaa suti, zawadi mkononi.

"Karibu, shemeji! Dada yuko wapi?" bibi harusi aliuliza.

Fundi akageuka nyuma. Hakukuwa na mtu. Mara pikipiki ikasimama kwa kishindo, mkewe akashuka, nywele timtim.

"Umenifungia mlango kwa nje! Nimetokea dirishani!"

"Samahani, mama watoto. Lakini tazama pua: kavu kabisa!"

Mkewe alijitahidi kununa. Akashindwa, akaangua kicheko.