Chupa Iliyokataa Kupoa

Chupa zote ndani ya friji ya maabara zilikuwa baridi isipokuwa moja. Mpimaji wa maji aliigusa, akaondoa mkono haraka, akaigusa tena kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na friji nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Friji imezeeka hiyo," alisema mkuu wake, mzee mwembamba ambaye maabara nzima ilimwita Bwana Matone kwa jinsi alivyobania hata tone la dawa. "Na pua yako isikutishe. Mwenye mimba hunusa hata mawazo ya watu."

Mpimaji alicheka, akavuta koti lake jeupe ambalo siku hizi halikufunga tena tumboni. Mtoto aliyekuwa humo alikuwa mtundu. Kila mama yake alipoinama, alipiga teke.

Maji yale aliyachota mwenyewe jana, kwenye kisima kilichofunikwa miaka mingi ambacho wenyewe walitaka kukifungua. Alijaza chupa mbili, kama kazi inavyotaka. Ya kwanza aliipima mara tu aliporudi, na mabaki akayamwaga kwenye sinki. Ya pili, ya kupimia madini, aliitia asidi kali ili maji yasibadilike, akaihifadhi kwenye friji; ndiyo hii iliyokataa kupoa. Wakati anatia alisikia mlio mwembamba, akadhani ni kifuniko.

Jioni alipofika nyumbani alipokewa na ukimya. Binti yake walimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, lakini leo alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

"Lile koo la jana limezidi kuwaka, na leo hasemi kabisa," mama mkwe alinong'ona. "Nimempeleka zahanati, wamemmulika, wanasema hana kitu."

Mpimaji alimpakata mtoto, akamwambia afumbue kinywa. Humo mlitoka harufu ya nywele zilizoungua. Kabla hajasema neno, sauti ya mwanamke mzima ikatoka kooni mwa Chiriku, midomo ya mtoto ikiwa imeachama tu, haitikisiki.

"Umemchoma mwanangu. Nilimlaza kwenye maji yangu, ukamchukua, ukammwagia moto usio na moshi. Mrudishe. La sivyo wako ataungua vivyo hivyo, kuanzia kooni kwenda chini."

Mama mkwe alimshika mkono. "Mwanangu, umetia nini maji ya watu?"

"Asidi, mama. Ndiyo kazi yetu."

"Bila kusema chochote? Mimi hata maji ya moto ya vyombo siyamwagi kabla sijasema nipisheni, na wewe unanicheka!" Mama mkwe alimchukua Chiriku mapajani mwake. "Kapoze ulichokichoma, kwa mkono wako huohuo, umrudishie mwenyewe. Kimbia, jua halijazama."

Bwana Matone alikuwa anafunga mlango wa maabara. Alimtazama usoni, akafungua tena, na safari hii hakuleta mzaha. Mpimaji alijaza bureti, mrija wa kioo wenye koki, kwa dawa ya besi, ile inayoua ukali wa asidi, akaanza kuidondosha ndani ya chupa tone baada ya tone, akijua kwamba moja likizidi, besi nayo inaunguza, na kila alipochovya karatasi ya bluu ya kupimia asidi ikageuka nyekundu chupa ilitikisika mkononi mwake, na kilio cha kichanga kikatoka chini ya maji, kikapanda, kikajaa chumba kizima mpaka vioo rafuni vikaanza kugongana na Bwana Matone akaziba masikio akisema taratibu, mama, taratibu, hata wewe mwenyewe usipumue.

Karatasi ya bluu ikabaki bluu. Akachovya nyekundu, ile ya kupimia besi, ikabaki nyekundu. Kilio kikakoma, na chupa ikapoa.

Bwana Matone aliendesha gari la ofisi mpaka kisimani. Pale mpimaji alipiga magoti, akamimina maji polepole kama anayelaza mtoto. Kabla hajainuka simu ikalia.

"Amesema!" mama mkwe alipiga kelele. "Anauliza jua likienda kulala linavua viatu au halivui!"

Mpimaji alilia kwa furaha, hakujali nani anamwona. Alikuwa anajifuta machozi wakati sauti ile ilipopanda kutoka chini, sasa bila hasira yoyote.

"Huyu nimempata. Wa chupa ya kwanza yuko wapi?"

Alikumbuka sinki. Alikumbuka maji yakizunguka kwenye tundu na kwenda zake, kwenye mabomba, kwenye mtaro, na mahali ambapo mkono wa mtu haungeweza kuyakusanya tena.

"Nilikuwa na wawili," sauti ilisema. "Na wewe unao wawili."

Bwana Matone alikuwa anamwita kutoka kwenye gari, giza linaingia, twende. Mpimaji alisimama, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akainama ili mtoto apige teke.

Hakupiga. Akainama tena.