Seini Hakuweza Kusema Mbele ya Kaka Yake

Kila Jumatatu Toakase na binti yake Seini walikwenda kwenye ukumbi wa kijiji chao, huko kisiwani Vava'u, kuponda magome ya kutengenezea nguo za sherehe. Wiki hii hawakwenda. Seini alikuwa amejaribu kujiua. Jirani alimwahi, na sasa alikuwa amelazwa hospitalini.

Kaka yake, Semisi, hakubanduka kitandani kwake.

Asubuhi daktari alikuja. "Seini, bado una mawazo ya kujiua?"

Seini alimtazama Semisi, kisha akainamisha macho. "Hapana, daktari."

"Vizuri. Kesho utakwenda nyumbani."

Toakase hakufurahi. Aliona vidole vya binti yake vimekamata shuka. Hofu ikamwingia. Akamfuata nesi Kalolaine nje ya wodi.

"Nesi, mwanangu anaficha kitu. Akirudi nyumbani nitamzika."

"Alipoulizwa, nani alikuwepo?"

"Kaka yake. Hajamwacha hata kidogo, maskini."

"Na wewe, mama, kwa mila zetu, unaweza kumweleza kaka yako siri za moyo wako?"

"Mimi? Hata sidiria siianiki akiwa uani!"

"Basi na Seini ni hivyo hivyo."

Semisi alipoambiwa na Kalolaine atoke, alikataa. "Nikitoka akajidhuru je?"

"Hatabaki peke yake. Nitakaa naye mimi."

"Na ukimuuliza habari za kufa, si utamkumbusha?"

"Kwani amesahau? Kumuuliza hakumpi wazo jipya, Semisi. Kunampa nafasi ya kulitua lile alilo nalo."

Semisi akatoka. Kalolaine akavuta pazia, akaketi.

"Seini, mwanangu, sitakugombeza. Bado unataka kufa?"

Nje ya pazia Toakase alitega sikio.

"Ndiyo," Seini alinong'ona. "Naiogopa kesho. Nikiwa peke yangu yale mawazo yatanishinda. Jana nesi mwingine aliniambia nimewaaibisha wazazi. Nikanyamaza."

"Hakupaswa kukuambia hivyo. Umefanya vema kusema. Kesho huendi; nitaongea na daktari."

Seini akabaki hospitalini, akatibiwa, akasikilizwa. Kabla hajarudi, baba yake aliondoa nyumbani kila kitu cha hatari. Shangazi yake akahamia chumbani kwake. Semisi alipewa kazi ya kumpeleka kliniki kwa gari, na wakifika abaki nje.

Hofu haikuisha upesi. Ijumaa moja, mama na binti wakipika majani ya magimbi, Seini aliacha kukoroga.

"Mama, yale mawazo yamerudi."

Toakase hakumkaripia. Hakusema wangoje siku ya kliniki. Alizima jiko, akamshika mkono.

"Semisi!" aliita. "Washa gari."