Kikapu cha Ndugu Wawili

Nywele za nani, jamani? Swali hilo la moyoni lilimgandisha Edah mlangoni pa jiko, asubuhi ya siku ya soko pale Khwisero, mwaka wa tisini na nne. Ndani ya kikapu mlikuwa na kichupa kitupu cha mafuta ya nywele, na boma zima lilikuwa limenyolewa upara wiki mbili nyuma, siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wake, Navalayo.

Hao walikuwa dada wawili walioolewa na ndugu wawili, boma moja, kikapu kimoja. Kilining'inia msumarini kati ya majiko yao. Aliyeishiwa na kitu alitia humo chombo kitupu, basi. Aliyekwenda sokoni alikirudisha kimejaa. Hawakuulizana kitu. Navalayo alikufa akijifungua, akaacha kitoto cha kike, Cindy, na Edah, aliyekaa miaka tisa bila mtoto, akakichukua akilee.

Siku ya kunyolewa, vitu vya marehemu hugawiwa vyote mbele ya watu, asije akarudi kuvifuata. Kikapu Edah alikificha chini ya kitanda. Angekitoaje, na mkanda wake ulishonwa na Navalayo mwenyewe? Watu walipotawanyika alikirudisha msumarini.

Sasa mtu mwenye akili timamu angekichoma moto palepale. Edah wetu alikwenda sokoni akanunua mafuta! Msimcheke, uchungu wa ndugu mnaujua. Kesho yake kichupa kilikuwa kitupu tena na jiko zima linanukia kichwa cha Navalayo, naye akakaa chini akalia kwa furaha. Ikaja karatasi ya sabuni, akanunua. Ukaja mkebe wa majani chai, akanunua.

"Bado tuko pamoja, mdogo wangu," alinong'ona.

Jumamosi moja, miezi mitano baadaye, saa tisa mchana, akiwa anasugua sufuria, alisikia msumari ukilia, akainua macho akaona kikapu kinabembea na hapana upepo, na harufu ya udongo mbichi ikaingia jikoni, na Cindy, aliyekuwa amelala mgongoni mwake, akaamka akicheka, akamnyooshea mikono mtu asiyekuwapo, na Edah alipojikokota hadi kwenye kikapu akachungulia, aliona kitu kimoja tu: kofia ya Cindy, ile aliyomvisha asubuhi kwa mkono wake, tupu.

Kitupu ndicho kinachotakiwa kijazwe. Alielewa.

Alimkimbilia Mzee Makhanu, aliyewanyoa siku ile.

"Mzee, nilificha kitu chake," alisema kwa sauti ndogo, akaeleza yote.

"Huyo si ndugu yako tena, mama. Ni pepo, amevaa sura yake."

"Na kama ni yeye?"

"Hata kama ni yeye. Utampa mtoto?"

Edah alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Basi mnyime. Kwa mdomo wako. Mimi nikimfukuza atarudi tu, kwa sababu anajua wewe humnyimangi kitu."

Jioni, kabla jua halijatua, Makhanu alikiwasha moto kikapu kando ya kaburi, ukingoni mwa shamba la miwa. Edah alisimama na Cindy kifuani.

"Navalayo," alisema. "Sikununulii tena. Mafuta hakuna. Sabuni hakuna. Na mtoto..." Makhanu alimgusa bega. "Mtoto ni wangu. Wewe huna mtoto hapa. Nenda!"

Kisha ndani ya miwa mwanamke akaanza kulia, na kilio kile Edah alikijua tangu utotoni, kile cha kwikwi tatu kisha kuvuta pumzi, na miwa ikawa inapishana, kilio kikiteremka polepole kuelekea mtoni. Edah alitaka kukifuata. Mungu wangu, alivyotaka! Cindy akageuza shingo, akatega sikio.

Edah alimziba masikio yote mawili, asimsikie mama yake akienda.