Tenga Lililoachwa Juani

Kaa aliyekufa kabla ya kuingia chunguni haliwi. Katika kisiwa kile kidogo cha Ghuba ya Chesapeake sheria hiyo haikuandikwa popote, wala hapakuwa na haja ya kuiandika, kwa maana kila mtoto aliijua kabla hajajua kusoma. Nyama ya kaa huanza kuharibika mara tu anapokata roho, nayo humdhuru mlaji.

Ardith, binti wa miaka kumi na miwili, aliijua kuliko wengi. Kila Jumamosi ya kiangazi baba yake, Harlan, alirudi kutoka mitegoni na tenga la kaa, na kazi ya Ardith ilikuwa kulipeleka kivulini, kulifunika kwa gunia lililoloweshwa, kisha kuwatoa waliokufa na kuwatupa. Bibi yake, Leola, aliwapika kwa mvuke wa siki na viungo. Vidole vya bibi vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, na macho yake yameingiwa na ukungu, kwa hiyo Ardith ndiye aliyechambua nyama kutoka magambani. Bibi aliichanganya, akafinyanga katlesi, akazikaanga. Saa tisa mashua ya posta ilimleta Bi Hartzell, mwenye hoteli ndogo ng'ambo, naye alizichukua zote.

Miaka ile kaa walikuwa haba, na maji yalikuwa yakila ardhi hata makaburini. Katika nyumba arobaini, ni kumi na moja tu zilizofuka moshi. Masika baba alikuwa amesema, bila kuinua macho kutoka sahanini, "Siku Bi Hartzell akiacha kuchukua katlesi zetu, na sisi tutapigilia mbao madirishani kama wenzetu." Ardith aliyabeba maneno hayo kama mwiba wa kisigino.

Jumamosi moja ya Julai, Roxanna, msichana pekee aliyebaki naye shuleni, alikuwa anahama na wazazi wake. Ardith alilitua tenga kwenye mbao za gati, penye jua kali, akasema moyoni kwamba angerudi mara moja. Akakimbia hadi gati la kina Roxanna, upande wa pili wa kisiwa, kumuaga.

"Usilie bwana, utaniharibia safari," Roxanna alimwambia, huku yeye mwenyewe akipangusa pua kwa mkono wa gauni. "Nikirudi nitakukuta umeota magando, unatembea upande upande!"

"Na wewe utarudi unaogopa maji kama paka," Ardith alimjibu. "Utarudi lini?"

Roxanna aligeuka kuitazama mashua yao. Baba yake alikuwa akipakia kitanda cha mwisho.

Ardith alisimama pale hata mashua yao ikawa nukta, kisha nukta nayo ikapotea. Aliporudi gatini kwao, saa mbili zilikuwa zimepita. Tenga lenye kaa hai huwa na sauti, magando yakikwaruzana na mapovu yakipasuka. Tenga lile lilikuwa kimya. Aliwagusa kwa koleo mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya nusu hawakuinua hata gando.

"Ardith!" bibi aliita kutoka jikoni. "Maji yamechemka! Au hao kaa umewaambia waje wenyewe kwa miguu?"

"Nakuja, Bibi!"

Alitazama majini, mahali ambapo wafu walipaswa kutupwa. Kama angewatupa, zisingepatikana hata katlesi kumi na nane, na Bi Hartzell alihitaji thelathini na sita. Alilibeba tenga zima, akalimimina lote sufuriani, akafunika. Moto ulipokwisha kufanya kazi yake, kaa wote walikuwa wekundu, wazima na wafu, pasiwe na jicho la kuwatenganisha.

Lakini vidole vilitambua. Nyama ya kaa mzima ilitoka kwa mapande meupe, imara. Ya wale wengine ilimnata mikononi kama uji uliopoa. Ardith aliipangusa bakulini pamoja na ile njema. Bibi akatia yai, haradali, mayonezi, na biskuti za chumvi zilizopondwa, kidogo tu, za kushikanisha. Viungo vilifunika harufu. Mafuta yakaanza kuimba.

Jikoni mwa Bibi Leola, katlesi ya kwanza kutoka kikaangoni ilikuwa ya mchambuaji. Haikuwa zawadi. Ilikuwa namna ya kuapa kwamba kilichopita mkononi mwake kingeweza kupita na kinywani mwake. Bibi aliiweka katika kisahani, akakisukuma mezani.

"Kula, mke mwenzangu. Mashua imeshapiga honi."

"Sina njaa, Bibi."

"Njaa nimekuuliza mimi? Kula."

Ardith aliinyanyua. Aliifikisha midomoni, akairudisha. Machozi yalidondoka juu ya kisahani.

Bibi alizima moto. Hakupaza sauti. "Walikuwa wangapi?"

"Zaidi ya nusu, Bibi. Niliwaacha juani. Nilikwenda kumuaga Roxanna."

Baba, aliyekuwa mlangoni akivua viatu vya mpira, alisikia yote.

"Zitupe," alisema. "Zote."

"Baba, na nyumba yetu je?"

"Nyumba haisimami juu ya matumbo ya wagonjwa. Zitupe, kisha uende gatini ukamwambie Bi Hartzell mwenyewe. Mimi sisemi neno."

Bi Hartzell alimsikiliza na vikapu vyake vitupu mkononi, baba akiwa amesimama nyuma ya binti yake. Hakuwa mwanamke mkali.

"Leo nina wageni mezani, nami sina cha kuwapa," alisema. "Umenieleza kweli, binti, na kwa hilo nakushukuru. Lakini tangu leo, kila nikiandaa katlesi zenu nitakuwa nawaza habari ya tenga hilo. Siwezi. Harlan, nisamehe."

"Huna kosa, Bi Hartzell," baba alijibu.

Mashua iliondoka naye. Ardith aliomba kila usiku ili Bi Hartzell abadili nia. Jumamosi iliyofuata mashua ilileta mifuko ya barua tu, na iliyofuata vilevile. Baba alianza kupima madirisha.

Palikuwa bado na adhabu. Kisiwani pale, aliyeharibu chungu cha watu alisimama kanisani Jumapili, katika saa ya ushuhuda, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake. Mzee Elwood, kiongozi wa darasa la waumini, alimwita. Mbele ya watu kumi na wanane, wote waliosalia, Ardith alieleza habari ya gati, jua, tenga na sufuria. Hakumtaja Roxanna ili kujitetea.

Bibi Leola aliomba neno. Alisimama kwa kushikilia kiti.

"Mjukuu wangu aliona tunaanguka, akadhani uongo ungetushika mkono," alisema. "Enyi watoto, sikieni. Umaskini tulikuwa nao jana, na kesho tutakuwa nao. Aliyepotewa na riziki huitafuta tena, hapa au kwingine. Aliyemlisha mwenzake kitu kilichooza akijua, na mtu yule akazikwa, ataitafuta wapi roho ile? Sisi tutahama. Lakini hakuna aliyeugua kwa mikono yetu. Uzembe wa saa mbili umetugharimu nyumba. Kweli, hata iliyochelewa, imetuepusha na kaburi la mtu."

Akaketi. Mzee Elwood aliwatazama watu, safu kwa safu.

"Yupo mwenye neno juu ya mtoto huyu?"

Hakuwapo.

"Basi limekwisha, wala asiulizwe tena na mtu yeyote, hapa wala ng'ambo. Keti, mwanangu."

Ardith akaketi.