Mfuko Uliopashwa Joto

Twaiba alikutana na Feisal katika hema la kuchangia damu, soko la Ukunda, katikati ya kelele na harufu ya maembe. Feisal, dereva wa tuk-tuk aliyevaa shati la maua, alifumba macho sindano ya Twaiba ilipomgusa.

"Dada, damu umenitoa, sasa wanitoa na roho."

"Roho baki nayo. Kunywa soda."

"Na nambari yako ya simu, ni baada ya soda?"

Akampa. Tangu hapo simu hazikukatika. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula. Na usiniongeleshe ukiwa barabarani!" Wazee wa Feisal kule Kinondo wakaanza kuandaa posa.

Kisha mama yake Feisal akapasuliwa, damu ikakataa kukoma. Benki ya damu ya hospitali ilikuwa mikononi mwa Twaiba, na mfuko wa kundi la damu la mama ulibaki mmoja tu. Mhudumu wa kuupeleka hakuonekana, hivyo Twaiba akamkabidhi Feisal mwenyewe.

"Peleka wodini, mpenzi. Sasa hivi."

Mfuko ulikuwa baridi kama barafu. Kwao Feisal, mgonjwa aliyetokwa na damu hapewi hata maji ya baridi. Akauzungushia leso ya mama, akauweka juani kwenye kiti cha tuk-tuk, akausubiri kwa mapenzi yote mpaka ukapata joto.

Muuguzi aliugusa, akaurudisha. Twaiba akautupa.

"Wamwaga damu ya mama, na wajua hakuna nyingine!"

"Imepata joto, Feisal. Vijidudu huzaliana ndani yake. Ningempa sumu."

"Huna moyo wewe."

Mfuko mwingine uliagizwa Mombasa. Ulipofika, mama alikuwa ameshafariki.

Feisal hakulia. Alizika, akapokea pole, akala wali wa matanga bila kujua una chumvi au hauna. Twaiba alipopiga, aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Twaiba naye alipima damu, akapanga mifuko, akarudi kwao Galu, akalala. Watu walimsifu kwa subira. Subira gani! Alikuwa amekufa ganzi.

Baada ya arobaini, hema lilirudi sokoni. Feisal akaja na kanzu nyeupe, akakunja mkono wa kanzu atoe damu.

"Twaiba, ni mimi niliyemuua?"

"Sijui kama angepona. Lakini mfuko ule tuliuharibu sote wawili. Nilikupa mkononi bila kisanduku cha barafu, wala sikukueleza."

"Na nyumbani kwetu hukuwaambia. Wanadhani damu haikuwapo."

"Niwaambie nini? Ulikuwa wampenda."

Hakuna aliyetoa chozi. Jioni gari la hospitali lilichelewa, na Twaiba akapanda tuk-tuk ya Feisal, kisanduku cha barafu chenye damu mapajani.

"Wazee bado waje kuposa?" Feisal aliuliza bila kugeuka.

"Waje. Lakini sasa usisimame popote."

Walipofika njia panda ya Kinondo, inakoanzia njia ya kwenda kaburini kwa mama, Feisal akaanza kulia kwa sauti. Twaiba akamshika bega. Hakumwambia asimame, na Feisal hakusimama.